Kuhalalisha Si Kuachia: Thailand na Oregon Zimesomwa Kinyume

Juni 2025 serikali ya Thailand ilitangaza kwamba maua ya bangi hayatauzwa tena kwa mtu asiye na cheti cha daktari. Miaka mitatu kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa ya kwanza barani Asia kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya. Miezi tisa kabla ya tangazo hilo, Septemba 2024, jimbo la Oregon nchini Marekani nalo lilirudisha adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa kama heroini au kokeini, adhabu ambayo wapiga kura wenyewe walikuwa wameifuta. Tangu hapo mjadala wa kuhalalisha dawa za kulevya umepata jibu la mkato: walijaribu, wakaungua, wakarudi. Nimelisikia kwa wanasiasa, kwa viongozi wa dini, na kwa wazazi ambao hofu yao naielewa na kuiheshimu.

Jibu hilo limesimama juu ya kusoma vibaya yaliyotokea. Thailand ilifuta sheria bila kuweka nyingine mahali pake. Oregon ilimwondolea adhabu mnunuzi, ikamwacha muuzaji yuleyule wa kichochoroni aendelee kuamua kilichomo ndani ya kete. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyofanya ninachokitetea hapa: dawa za kulevya zinazotumiwa kwa starehe zihalalishwe, kila moja kwa masharti yanayolingana na ukali wake, na serikali iingie sokoni kwa miguu yote miwili, kwa leseni, vipimo vya maabara, umri wa mnunuzi, kodi na ukaguzi, na kwa dawa nyingine kwa daktari na nesi. Nasema hivyo kwa sababu dawa hizi ni hatari. Zingekuwa hazina madhara, wala nisingehangaika kujua nani anaziuza.

Tuanze na Thailand. Tarehe 9 Juni 2022 bangi ilitoka kwenye orodha ya mihadarati, na muswada wa kusimamia biashara yake ulikuwa ufuate. Haukufuata. Vyama viliuvuta huku na huku, bunge likavunjwa Machi 2023 bila kuupitisha. Wizara ya afya ikabaki kuziba viraka kwa matangazo: asiuziwe aliye chini ya miaka 20, asiuziwe mjamzito, isivutwe hadharani. Maduka yalichipuka kwa maelfu. Na hata kurudi nyuma kwenyewe kulikuja siku chache baada ya chama kilichoibeba ajenda ya bangi kujitoa kwenye serikali ya mseto. Anayetaka kujua kama udhibiti unafanya kazi hatapata jibu hapo, maana udhibiti kamili haukuwahi kuanza. Ni kama kuondoa taa za barabarani, kisha magari yanapogongana ukasema tatizo ni magari.

Oregon ni mfano mgumu zaidi, nao haufai kukwepwa. Novemba 2020 asilimia 58 ya wapiga kura walikubali kwamba kukutwa na dawa kidogo kwa matumizi binafsi kuwe na faini ya dola 100 badala ya kifungo, na hiyo faini ingefutwa kwa kupiga simu na kuzungumza na mhudumu wa afya. Waliopiga simu hiyo walikuwa wachache mno. Fedha za matibabu zilichelewa kufika kwa watoa huduma. Watu walijidunga mbele za watoto wa wenzao, wakazi wakachoka, na mimi siwalaumu. Vifo vilipanda, na utafiti mmoja wa mwanzo ukavihusisha na sheria ile. Mwaka 2024 utafiti mwingine, uliochapishwa katika jarida la JAMA Network Open, ulitia kwenye hesabu jambo lililokuwa limesahauliwa: miezi ileile sheria ilipoanza ndipo fentanili, dawa ya maabara yenye nguvu kuliko heroini, ilipoingia kwa wingi kwenye masoko ya magharibi mwa Marekani. Ilipohesabiwa fentanili, uhusiano kati ya sheria na vifo haukuonekana tena.

Hata tukiweka tafiti kando, swali la msingi linabaki palepale. Oregon ilibadilisha nini kwa mtu aliyenunua dawa mtaani Machi 2021? Alinunua kwa mtu yuleyule, mzigo uleule, bila lebo, bila kipimo, bila kujua umechanganywa na nini. Kilichobadilika ni mazungumzo yake na polisi baadaye. Kumwondolea mtumiaji jinai ni jambo la haki, na Ureno iliyoanza Julai 2001 imeonyesha faida zake pale panapokuwa na matibabu ya kweli nyuma ya sheria: maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa watumiaji wa dawa yalishuka kutoka zaidi ya elfu moja kwa mwaka hadi chini ya mia moja. Lakini Ureno haikuhalalisha dawa, ingawa wengi huisema hivyo. Kuuza bado ni kosa la jinai, na soko bado ni la magendo. Kuondoa jinai kunamlinda mtumiaji dhidi ya mahabusu. Dhidi ya kete aliyoinunua hakumlindi hata kidogo, na siku hizi kinachoua watu ni kete.

Hapa ndipo historia ya marufuku inapohitaji kutazamwa kwa makini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulijiwekea lengo la kukomesha utafunaji wa majani ya koka, mmea unaotolewa kokeini, ndani ya miaka 25. Mwaka 1971 Rais Richard Nixon wa Marekani aliuita utumiaji wa dawa za kulevya adui namba moja. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulikutana chini ya kaulimbiu ya dunia isiyo na dawa za kulevya, ukajipa miaka kumi. Koka bado inatafunwa, na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa na uhalifu, UNODC, inakadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 316 duniani walitumia dawa hizi. Ofisi hiyohiyo ilikiri mwaka 2008 kwamba marufuku imezaa matokeo yasiyokusudiwa, na la kwanza iliyolitaja ni soko kubwa la wahalifu. Ilieleza pia kwamba ukifyeka mashamba huku, yanahamia kule, kama puto linalobanwa upande mmoja likavimba upande wa pili.

Lakini kuna athari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha, na kwangu ndiyo kiini cha suala lote. Marufuku huifanya dawa iwe kali zaidi. Fikiria msafirishaji wa magendo wakati Marekani ilipopiga pombe marufuku, 1920 hadi 1933. Lori la bia linaonekana kwa mbali, linanuka, lina thamani ndogo kwa kila lita. Lori lilelile likijaa wiski lina thamani maradufu mara nyingi kwa hatari ileile ya kukamatwa. Kwa hiyo bia ikapotea na pombe kali ikatawala, na nyingine ilichakachuliwa kwa spiriti ya viwandani ambayo serikali yenyewe iliamuru itiwe sumu ili isinyweke. Watu walikunywa, wakapofuka, wakafa. Marufuku ilipoondolewa, bia ilirudi mezani. Kasumba nayo imepita njia hiyohiyo: kutoka kwenye utomvu uliovutwa kwenye kiko, hadi heroini, hadi fentanili, ambayo ina nguvu takriban mara 50 ya heroini. Miligramu 2 zinatosha kumuua mtu mzima ambaye mwili wake haujazoea. Hizo ni punje chache, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya penseli. Hakuna anayeweza kuzipima kwa jicho, na anayechanganya mzigo chumbani kwa kijiko na mfuko wa nailoni hawezi kuzisambaza sawasawa. Kete moja inatoka nyepesi, ya pili inatoka na mauti. Kila mwaka kati ya 2021 na 2023, zaidi ya watu 100,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dozi, wengi wao kwa opioidi (dawa za jamii ya kasumba) za maabara za namna hii. Mtumiaji aliyeanza na heroini hakuomba fentanili. Aliletewa, kwa sababu inafichika kwenye bahasha na huhitaji shamba wala mvua kuitengeneza. Mwaka 2019 China iliziweka fentanili zote chini ya udhibiti mkali, na biashara ikageuka: kemikali za kutengenezea zikawa zinapelekwa Mexico na kupikwa huko.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana una hoja nzito, na hoja nzito haijibiwi kwa kuikunjia uso.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuhalalisha kutaongeza watumiaji. Nadhani ni kweli, walau kwa kiasi, na watetezi wenzangu wanaokana hilo wanajidhuru wenyewe. Unywaji wa pombe Marekani ulishuka sana mwanzoni mwa marufuku, na vifo vya ugonjwa wa ini vikashuka nao. Canada ilipohalalisha bangi Oktoba 2018, waliosema wametumia ndani ya mwaka mmoja uliopita walikuwa asilimia 22 ya watu wa kuanzia miaka 16, na kufikia 2023 walikuwa asilimia 26. Ongezeko lipo. Lakini idadi ya watumiaji ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni madhara anayoyapata kila mtumiaji, na hiyo ndiyo nusu ambayo marufuku huikuza bila kipimo. Watumiaji wachache wanaokufa kwa kete zisizojulikana, wanaofungwa, wanaoambukizana kwa sindano za kuazimana, hao ni mzigo mkubwa kuliko watumiaji wengi kidogo wanaojua wanatumia nini. Tena hakuna sheria ya maumbile inayosema kilicho halali lazima kiongezeke. Mwaka 1965 zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima Marekani walivuta sigara. Kufikia 2022 walikuwa karibu asilimia 12. Hakuna mvutaji hata mmoja aliyetiwa pingu kwa kukutwa na pakiti mfukoni. Kodi ilipandishwa, matangazo yakazuiwa, sehemu za kuvutia zikabanwa, ukweli kuhusu saratani ukaandikwa kwenye pakiti, na watu wakaacha mmoja mmoja.

Hoja ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, nayo ni uroho. Biashara ya kitu kinachojenga uraibu humpenda mraibu kuliko mteja mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye anayerudi kila siku. Kampuni ya Purdue Pharma ilipoingiza sokoni dawa ya maumivu ya OxyContin mwaka 1996, ilikuwa halali kabisa, na wauzaji wake walizunguka kwa madaktari wakiwahakikishia kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, ikakiri tena 2020, na kati ya hapo maelfu kwa maelfu walikuwa wamezikwa. Anayetaka kunipinga kwa mfano huo ana haki, na mimi nauchukua kama onyo kwa upande wangu. Unaonyesha kwamba leseni bila ukaguzi ni karatasi, na kwamba serikali iliyolala inaweza kuuawa watu wake na kampuni kama inavyoweza kuuawa na genge. Hauonyeshi kwamba genge ni bora. Kampuni tuliipeleka mahakamani kwa sababu ilikuwa na jina, anwani, barua pepe na hesabu zilizokaguliwa. Zungu la unga halina wakili wa kupokea hati ya mashtaka.

Tofauti kati ya udhibiti mzuri na mbovu haikai kwenye nadharia. Inaonekana kwenye kitu kidogo kama pipi. Canada iliporuhusu vyakula vyenye bangi kuanza kuuzwa mwanzoni mwa 2020, majimbo ya Ontario, Alberta na British Columbia yaliruhusu pipi laini na chokoleti. Quebec ilikataa. Huko bangi inauzwa na maduka ya serikali peke yake, na chochote kinachoweza kumvuta mtoto hakiruhusiwi kwenye rafu. Vifungashio kote nchini vinatakiwa viwe vigumu kufunguliwa na watoto, na pakiti nzima isizidi miligramu 10 za THC, kemikali ya bangi inayolevya. Hata hivyo, pipi ni pipi: mzazi ameiacha juu ya kabati, mtoto wa miaka mitatu ameiona, ameila, anachukuliwa hospitali akiwa amelegea na hazinduki. Watafiti walipolinganisha idadi ya watoto waliolazwa kwa sumu ya bangi, ilikuwa imepanda kila mahali baada ya uhalalishaji, lakini katika majimbo yaliyoruhusu pipi ilipanda zaidi sana kuliko Quebec. Nchi ni moja, sheria mama ni moja, mwaka ni mmoja. Kanuni moja kuhusu umbo la bidhaa iliwaepusha watoto wengi na kitanda cha hospitali. Chini ya marufuku hakuna wa kuandika kanuni kama hiyo, kwa kuwa hakuna wa kuandikiwa. Nami natoa somo jingine hapo: mfano wa kufuata ni Quebec, pamoja na Uruguay ambayo tangu sheria yake ya Desemba 2013 imekataa matangazo, ikamwekea mnunuzi kikomo cha gramu 40 kwa mwezi, na kuuza kupitia maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Mfano wa kuogopa ni soko lililoachiwa wanahisa.

Kuna hoja ya tatu, na hii kwa kweli ni dhaifu ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba kuhalalisha ni kubariki, kwamba sheria ikisema ruksa, vijana watasikia ni vizuri. Sheria ya nchi nyingi haimfungi mtu kwa uzinzi, kwa ulevi nyumbani kwake, kwa kamari yenye leseni, wala kwa kumsaliti rafiki. Hakuna anayedhani bunge limeyabariki. Kijana hajifunzi lipi jema kwa kusoma kanuni za adhabu. Anajifunza kwa wazazi, kwa walimu, kwa anayoyaona kwa waliomtangulia, na kwa watu anaowaamini wakimwambia ukweli. Ukweli huo ndio uliopotea. Ukimwambia kwamba bangi na heroini ni adui mmoja, akijaribu msokoto na asife, atajiuliza kama ulimdanganya pia kuhusu sindano. Tena muuzaji wa magendo hamwombi mtu kitambulisho cha kuzaliwa. Muuzaji mwenye leseni ataomba, kwa kuwa asipoomba anafungiwa duka.

Nimesema kila dawa iwe na masharti yake, na heroini ndiyo mtihani wa maneno hayo. Sitaki iuzwe dukani popote. Nataka iwe kama ilivyo Uswisi tangu 1994. Zurich ilikuwa na bustani katikati ya mji, Platzspitz, ambako maelfu ya waraibu walikusanyika kujidunga hadharani mpaka ilipofungwa Februari 1992, na baadaye wakahamia kituo cha treni kilichoachwa, nacho kikafungwa 1995. Kufunga kulihamisha watu tu. Kilichobadilisha mambo ni kliniki. Mraibu wa muda mrefu, mtu mzima, aliyeshindwa matibabu mengine kama methadoni, anaandikishwa. Anakuja hata mara mbili kwa siku. Ananawa mikono, anaketi kwenye meza safi, nesi anampa bomba la sindano lenye dozi iliyopimwa na kuandikwa jina lake. Anajidunga mwenyewe, anabaki kuangaliwa, anatupa sindano kwenye chombo chake, anaondoka. Kwa kawaida dozi ya sindano haitoki nje na mtu. Hana arosto ya kumsukuma kuiba, na hana teja mwenzake wa kumuuzia. Novemba 2008 asilimia 68 ya wapiga kura wa Uswisi, nchi ambayo haijulikani kwa kupenda mageuzi ya haraka, waliuingiza mpango huo kwenye sheria ya kudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba watu wapya walioanza kutumia heroini mara kwa mara katika jimbo la Zurich walishuka kutoka 850 mwaka 1990 hadi 150 mwaka 2002. Heroini ilipogeuka kuwa ugonjwa unaohudumiwa kwa foleni na kadi ya kliniki, vijana waliacha kuitamani.

Nina sababu yangu ya kuitazama kliniki ile kwa jicho la huzuni. Rafiki yangu wa utotoni alizidisha dozi akiwa chooni, mlango umefungwa kwa ndani. Wenzake wawili waliokuwa sebuleni waliuvunja, wakamkuta midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa taabu. Walimlaza ubavu. Kisha wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kumpeleka hospitali kulikuwa na maana ya kuulizwa na polisi mmepata wapi. Aliyemkuta asubuhi alikuwa mama yake. Opioidi haiui kwa ghafla kama risasi. Hupunguza pumzi taratibu, na mara nyingi kuna muda wa kutosha wa kumpulizia mtu naloksoni puani na kumrudisha. Muda ulikuwepo. Waliokuwepo walikuwa wanaogopa sheria kuliko walivyoogopa kifo chake, na sheria ndiyo iliyowafundisha mpangilio huo wa hofu.

Anayeuliza kuhusu dawa za kuchangamsha kama kokeini na methamfetamini anauliza jambo gumu, kwa sababu hakuna nchi iliyopata mfano uliokomaa. New Zealand ilijaribu njia ya kuvutia Julai 2013: mtengenezaji wa dawa mpya za starehe athibitishe kwanza kwamba hatari yake ni ndogo, kama anavyofanya mtengenezaji wa dawa za tiba. Bidhaa zikaruhusiwa kwa muda kabla ya uthibitisho, wakazi wakalalamika, na Mei 2014 ruhusa zote za muda zikafutwa. Kosa ni lilelile la Thailand kwa sura nyingine, mlango kufunguliwa kabla ya mlinzi kufika. Kwa hiyo ningeanza na bangi, kisha heroini kwa njia ya kliniki, na methamfetamini ingesubiri. Sioni aibu kwenda hatua kwa hatua, na sioni kwa nini ugumu wa dawa moja uzuie kuwaokoa watumiaji wa nyingine.

Mikataba ya kimataifa nayo hutajwa kama ukuta. Ni kikwazo kweli, lakini kina mlango. Bolivia ilijitoa kwenye mkataba wa 1961, ikarudi Januari 2013 ikiwa na sharti lake la kuruhusu utafunaji wa koka. Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliitoa bangi kwenye kundi la dawa zilizobanwa zaidi ya zote, kwa kura 27 dhidi ya 25. Canada na Uruguay zimeendelea bila kufukuzwa popote. Kinachohitajika kwa bunge lolote linalofikiria njia hii ni mpangilio: mamlaka ya leseni iundwe na ipewe wakaguzi, maabara ifunguliwe, fedha za matibabu ziwe tayari benki, kanuni za vifungashio na matangazo zichapishwe, na hapo ndipo kifungu cha marufuku kifutwe. Thailand ilianza na la mwisho.

Na yapo mambo ambayo hayasubiri bunge wala mkataba. Naloksoni inaweza kugawiwa kwa watumiaji na familia zao. Anayeita gari la wagonjwa anaweza kukingwa asishtakiwe. Na dawa zinaweza kupimwa. Uholanzi tangu 1992 ina mpango wa kitaifa unaomruhusu mtumiaji kupeleka kidonge chake kwenye ofisi ya huduma, kikapimwa, naye akaambiwa kina nini, bila kuulizwa jina. Kidonge chenyewe bado ni haramu huko. Desemba 2014 maabara ilipokea kidonge cha rangi ya waridi chenye nembo ya Superman, kilichouzwa kama ekstasi. Ndani yake mlikuwa na PMMA, kemikali inayochelewa kupanda kichwani, kiasi kwamba mtu humeza cha pili akidhani cha kwanza ni hafifu, kisha joto la mwili linapanda mpaka viungo vinashindwa. Onyo lilitangazwa hadi kwenye televisheni, na Uholanzi haikuripoti kifo hata kimoja. Vidonge vilevile vilivuka bahari hadi Uingereza, ambako onyo la namna hiyo halikuwa limetangazwa kwa umma. Ndani ya wiki chache wanaume wanne walikuwa wamekufa.